Tangi likidondoka, nani analipa?

Muulize mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Buguruni kama ana bima. Atakuonyesha ya gari, kisha hati ya bima ya moto aliyodaiwa na benki kabla ya kupewa mkopo. Ukimtajia bima ya dhima kwa umma, jibu lake unaweza kulitabiri: "Hapa kwetu nani anamshitaki mtu? Tunayamaliza mtaani."

Jibu hilo lina uzito, na wanaouza bima hulipuuza haraka mno. Bima hii hulipa pale shughuli za biashara yako zinapomwumiza mtu au kuharibu mali yake, na wewe ukawajibika kisheria. Mfanyakazi wako akiumia kazini hayumo. Wake ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Lori lako likigonga mtu barabarani, hilo ni la bima ya gari. Inayobaki ni mteja aliyeteleza kwenye malumalu, jirani aliyeunguliwa ukuta, mpita njia aliyeangukiwa na bati. Mfanyabiashara anauliza, kwa haki kabisa: katika hao, ni wangapi wamewahi kufika mahakamani?

Hoja yake ya pili ni ya hesabu. Tuchukue mfano: ada ya bima 600,000 kwa mwaka, ongeza VAT ya asilimia 18, jumla 708,000. Kiwango cha juu cha fidia ni shilingi milioni 100. Mwenye bima hujibebea asilimia 10 ya kila dai, isiyopungua milioni 1. Sasa mteja amevunjika mkono dukani. Hogo, picha za eksirei na nauli za kwenda na kurudi kliniki vimefika 850,000. Kampuni ya bima inalipa kiasi gani? Sifuri. Dai lote limezama ndani ya ile milioni ya kujibebea. Ajali nyingi za dukani ni za ukubwa huo, kwa hiyo mtu anaweza kulipa ada miaka kumi, akatoa 7,080,000, na kila kilichotokea katikati akakilipia mwenyewe. Anayesema bima imemla hajakosea hesabu.

Amekosea aina ya ajali. Bima hii haikutengenezwa kwa ajili ya mkono uliovunjika. Ilitengenezwa kwa ajili ya siku moja inayoweza kuondoka na mtaji wote, na kwa duka la vifaa vya ujenzi siku hiyo ina sura inayojulikana: tangi la maji.

Duka linauza tangi la lita 1,000. Mteja anaomba na stendi, duka linamwita fundi wake wa kuchomelea, stendi inasimamishwa mita tano juu, tangi linapandishwa, risiti inakatwa moja ya vyote. Likijaa, maji peke yake yana kilo 1,000. Tani nzima imekaa juu ya miguu minne. Kama miguu haikuwekewa sahani ya chuma chini na zege la kutosha, mvua za masika zikilainisha udongo mguu mmoja hutitia, uzito wote huegemea upande huo, na viungo huanza kubeba mzigo ambao havikupimiwa. Kama fundi alichomelea juu ya rangi au kutu bila kusugua, kiungo kinaonekana kimeshika kumbe kimeshika juu juu. Mambo haya hayaonekani siku ya kwanza. Yanaonekana mwezi wa pili baada ya kazi, tangi linapodondokea banda la mama lishe upande wa pili wa ukuta.

Hapo hesabu inabadilika. Tuseme madai yamefika milioni 60: matibabu ya mifupa, mtu aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi, banda na vyombo. Asilimia 10 ya kujibebea ni milioni 6. Kampuni inabeba 54. Gawanya milioni 54 kwa 708,000 na utapata ada za miaka 76. Tarakimu hii naomba ikaliwe kitako, maana ndiyo inayopotea mtu anapohesabu ajali ndogo alizolipa kutoka mfukoni. Ajali ndogo kumi zinamuumiza mfanyabiashara ila kesho anafungua duka. Kubwa moja inaweza kumfungia mlango kabisa, hasa pale ambapo kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, amesajili jina la biashara tu na si kampuni. Jina la biashara halimtenganishi mtu na duka lake. Deni la duka ni deni lake, na mwenye hukumu mkononi ana njia ya kuifikia akaunti yake binafsi, kiwanja chake, gari lake.

Na ile imani kwamba watu hawashitaki? Ni kweli zaidi kwa jeraha la siku tatu kuliko kwa ulemavu wa maisha. Mtu aliyekatwa mguu ana ndugu, na siku hizi katika ndugu hakosekani anayemjua wakili. Sheria ya Ukomo inampa miaka mitatu kufungua shauri la madhara ya namna hii. Kwa hiyo ukimya wa miezi sita baada ya ajali si dalili kwamba mambo yameisha. Likifunguliwa, ukishapokea samansi una siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi, la sivyo hukumu inaweza kutolewa ya upande mmoja. Hapo ndipo bima hufanya kazi ambayo wachache wanaijua: kampuni huchukua utetezi, huweka wakili, humlipa mkadiria hasara achunguze kama kweli stendi ndiyo iliyokosewa au mteja aliongeza tangi la pili juu yake. Hata dai lisilo na kichwa wala miguu linahitaji wakili wa kulijibu. Cha kuangalia kwenye hati ni kama gharama hizo zimo ndani ya ile milioni 100 au ziko juu yake. Zikiwa ndani, milioni 12 za mawakili zinapunguza fidia kwa milioni 12. Angalia pia kama kiwango ni cha kila tukio au cha mwaka mzima. Kikiwa cha mwaka, tukio la Machi linaweza kuliacha la Oktoba bila kitu.

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu zaidi ya 20 walikufa, wengi wakiwa kwenye shughuli zao za kila siku za kununua na kuuza. Miaka miwili kabla, Sheria ya Fedha ya 2022 ilikuwa imeifanya bima kuwa ya lazima kwa masoko ya umma na majengo ya biashara. Wenye majengo wanaposikia lazima hiyo, wengi hufikiria moto. Lakini bima ya moto humrudishia mwenye jengo jengo lake. Mpangaji aliyefukiwa na mteja aliyekuwa akichagua nguo hawamo humo. Wao wanahitaji ile nyingine, inayotazama nje.

Hata hivyo mwenye duka letu aliyekata bima ya dhima anaweza bado kukwama, na hapa lawama naigawa kati ya wauzaji na wanunuzi. Fomu ya maombi inauliza: shughuli yako ni nini? Wakala anaandika "kuuza vifaa vya ujenzi", kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye leseni. Kusimika matangi hakumo. Pili, hati nyingi za dhima kwa umma zinazouzwa hapa hulinda yanayotokea kazi ikiendelea au ndani ya eneo la biashara. Madhara ya bidhaa iliyokwisha kuuzwa na ya kazi iliyokwisha kukabidhiwa huachwa nje mpaka ulipie kiambatisho cha dhima ya bidhaa. Tangi letu lilidondoka mwezi wa pili baada ya fundi kuondoka. Marekani, ambako bima ya jumla ya dhima ya biashara ilipangwa upya mwaka 1986, hati ya kawaida huwa na bidhaa na kazi zilizokamilika humo humo, zikiwa na kiwango chao. Mtu aliyesoma maelezo ya huko mtandaoni akadhani anayo hiyo hiyo hapa, anaweza kugundua tofauti siku mbaya kabisa.

Kuna kifungu kimoja ambacho naona kinawaangusha wafanyabiashara wetu kuliko vyote, nacho kinawaangusha kwa sababu ya uungwana wao. Kinasema mwenye bima asikiri kosa, asiahidi wala kulipa chochote bila idhini ya maandishi ya kampuni. Sasa fikiria yanayotokea. Mama lishe amelala chini, watu wamejaa. Mwenye duka anakodi gari, anampeleka hospitali, analipia kitanda. Jioni anaitwa ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti anaandika kwa mkono: "Mimi mwenye duka nakiri tangi langu limemwumiza, naahidi kugharamia matibabu yote mpaka apone." Anasaini, mashahidi wanasaini, muhuri unagongwa. Kila aliyekuwepo anaondoka akisema huyu ni mtu wa watu. Karatasi hiyo ikifika kwenye kampuni ya bima, inasomwa kama kukiri kosa na ahadi isiyo na kikomo, na dai linaweza kukataliwa.

Kampuni ina sababu yake. Ikiwa kila mtu anaweza kuahidi fedha za mwingine, hakuna wa kuzuia njama kati ya mdai na mwenye duka, wala hakuna maana ya kuchunguza chanzo. Hilo nalikubali. Nisilolikubali ni kuuza kifungu hicho kwenye nchi ambako kumwacha majeruhi bila kumshika mkono ni aibu ya ukoo mzima, halafu usiseme neno lolote siku ya kuuza. Hiyo hati ya Marekani yenyewe, katika mazingira ya mawakili wengi kuliko sisi, inaruhusu gharama za huduma ya kwanza bila idhini, na ina sehemu ya malipo ya matibabu yanayotolewa bila kujali nani mwenye kosa, mara nyingi hadi dola 5,000 kwa mtu, kwa gharama za ndani ya mwaka mmoja tangu ajali. Waliona kwamba majeruhi aliyetibiwa mapema hupunguza hasira, na hasira ikipungua kesi hupungua. Sisi tunaoishi kwa pole tungepaswa kuwa wa kwanza kuidai sehemu hiyo, na makampuni yetu yangeweza kuiuza kwa nyongeza ndogo ya ada.

Mpaka iwepo, mwenye duka ana njia. Mpeleke majeruhi hospitali; usisite hata dakika. Piga picha za stendi, viungo na udongo kabla hakijaondolewa kitu. Chukua majina ya walioona. Mpigie wakala siku hiyo hiyo na umfuatilizie kwa maandishi. Kwa mwenyekiti, usikatae kuandika, ila andika hivi: "Nimetoa shilingi 200,000 kwa matibabu ya haraka kwa ajili ya ubinadamu. Malipo haya si kukiri kosa wala si kumaliza madai." Sentensi mbili hizo zinampa mwenyekiti karatasi yake na zinaiacha hati yako ikiwa hai. Samansi ikija usiiweke kwenye droo ukisubiri nafasi. Ipeleke kampuni siku hiyo hiyo, maana zile siku 21 zimeshaanza.

Kwa ambaye hajanunua bado, au anasogelea tarehe ya kuhuisha, mambo manne yaandikwe kwenye hati yenyewe na si kwenye ujumbe wa simu wa wakala: shughuli zako zote pamoja na kupeleka na kusimika, dhima ya bidhaa na kazi iliyokabidhiwa, mafundi wa vibarua unaowatuma kwa jina lako, na gharama za matibabu ya haraka, ikitajwa kiasi. Bima haianzi mpaka ada imelipwa, basi lipa na uihakiki hati kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kabla ya kutuma fundi. Na dai halali likikataliwa, Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ipo kisheria tangu Sheria ya Bima ya 2009. Peleka huko nakala ya fomu uliyojaza siku ya kwanza, kwa sababu ubishi mwingi huanzia kwenye ule mstari mmoja wa "shughuli yako ni nini".