Askari wameachiwa huru. Basi nani aliyeua?

Baadhi ya mabroka wa madini hapa Arusha, jiwe likishauzwa na hela ikihesabiwa, hawarudi kwa njia waliyojia. Niliwahi kumuuliza mzee mmoja wa kazi hiyo kama anaogopa vibaka. Akanijibu: "Mwanangu, kibaka nitapiga kelele watu waje. Akinisimamisha mwenye sare nitamwita nani?"

Hofu yake ina historia. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi mmoja walikamatwa na polisi jijini Dar es Salaam, wakaitwa majambazi, wakauawa kwa risasi katika msitu wa Pande. Tume ya Jaji Kipenka ilichunguza, ikaonekana hawakuwa majambazi hata kidogo. Abdallah Zombe, aliyekuwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, akashtakiwa pamoja na askari wengine. Agosti 2009 Mahakama Kuu ikawaachia huru. Serikali ikakata rufaa, na Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mshtakiwa mmoja tu. Zombe alibaki huru.

Sina ugomvi na mahakama kumwachia mtu. Askari naye ni raia, na shaka ya msingi ikibaki ni haki yake kurudi nyumbani. Kinachoniuma ni kimya kinachofuata. Hukumu inasema huyu hakuthibitika kuua, lakini haisemi kwamba hakuna aliyeuawa. Watu wanne wamekufa mikononi mwa dola, na dola hiyo hiyo inafunga jalada.

Tazama familia imekaa wapi katika haya yote. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri na mshtakiwa. Mjane ni shahidi tu, akishamaliza kutoa ushahidi anarudi kukaa benchi la nyuma. Mkurugenzi wa Mashtaka akiona hakuna haja ya rufaa, mjane hawezi kuikata yeye. Hata kabla ya hukumu, Mkurugenzi anaweza kusema hana nia ya kuendelea na shauri, likaishia hapo. Kisheria mshtakiwa anaweza kushtakiwa tena. Lakini familia itakaa na nani ielezwe kwa nini shauri limeondolewa?

Watu husema, "Si wafungue madai." Kweli, kwenye madai ushahidi unaotakiwa ni mwepesi kuliko wa jinai, na hata askari akiachiwa kwenye jinai, serikali bado inaweza kuamriwa ilipe. Ila kuishtaki serikali kunaanza na notisi ya siku 90, na muda wa kudai kwa kosa la aina hiyo kwa kawaida ni miaka mitatu. Piga hesabu: waliuawa Januari 2006, na hukumu ya kwanza ya kesi yao ikatoka Agosti 2009. Familia iliyosubiri kwa uvumilivu hukumu itoke kwanza ilikuwa tayari imechelewa.

Hili ndilo naomba libadilishwe. Miaka hiyo mitatu ianze kuhesabiwa siku kesi ya jinai inapofika mwisho. Na Mkurugenzi wa Mashtaka akiondoa shtaka dhidi ya askari, sababu ziandikwe na zipelekwe kwa wafiwa, kwa Kiswahili, zikiwa na sahihi.

Mlango mwingine tulikuwa nao hapa hapa mjini, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu wananchi kwenda pale moja kwa moja. Mahakama ipo Arusha, mtu wa Arusha haingii na kesi yake.

Yule mzee bado anafanya biashara. Kila anapokwenda kuuza jiwe, humwachia mkewe karatasi yenye jina la mnunuzi, kiasi cha hela na namba ya gari atakalopanda.