Fahali Aliyesubiri Hundi Iive

Mtaani kwetu Busia, upande wa Uganda, mimi huitwa Bwana Benki. Nilikaa miaka tisa kwenye dawati la hundi kabla ya kuingia biashara ya mahindi, na mtu yeyote akitaka kujua pesa yake imekwama wapi, huja kwangu kwanza. Kwa hiyo mkasa huu ungempata mwingine ningemcheka hadi leo.

Juni 2025 kalenda ilikaa vibaya. Tarehe 3, Jumanne, Siku ya Mashahidi. Tarehe 6, Ijumaa, Iddi kubwa. Tarehe 9, Jumatatu, Siku ya Mashujaa. Ukitoa na wikendi, siku za kazi zimetawanyika kama meno ya kikongwe. Haya nilikuwa nayajua. Tena niliwaandikia majirani kwenye karatasi.

Tulikuwa wanaume saba tumeungana kuchinja ng'ombe mmoja wa udhiya, ile sadaka ya kuchinja ya Iddi. Fahali alikuwa shilingi 3,150,000, kila mtu 450,000, na mweka hazina, nani tena, Bwana Benki. Wenzangu sita walinikabidhi 2,700,000 wiki mbili kabla. Pesa ikilala huzeeka, nikasema. Nikaiamsha: magunia 24 ya mahindi ya kilo mia mia, kilo kwa 1,100, jumla 2,640,000. Nikampelekea mwenye kinu huko Jinja kwa 1,400 kilo, jumla 3,360,000. Ukiondoa lori na magunia, faida ingelipia sehemu yangu yote ya fahali na chenji ikabaki. Wenzangu sikuwaambia. Nilitaka kuwaletea ng'ombe, sio wasiwasi.

Mwenye kinu alinilipa kwa hundi Jumatatu asubuhi, tarehe 2. Nikaipeleka tawi la Jinja la benki yangu saa nne kamili. Benki zetu mbili ni tofauti, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Kama mlipaji na mlipwaji wote wana akaunti benki moja, ni kuhamisha tu kutoka mfuko huu kwenda mfuko ule, jambo la siku hiyohiyo. Benki zikiwa mbili, hundi inapigwa picha, picha inapita Benki Kuu kule Kampala, benki ya mlipaji inaikagua: sahihi, tarehe, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na kama pesa ipo. Kabla ya 2018 karatasi yenyewe ndiyo iliyosafirishwa. Sasa ni picha, na hundi inaiva siku moja ya kazi baada ya kuwekwa. Jumatatu, ruka Jumanne ya Mashahidi, Jumatano pesa mkononi. Iddi Ijumaa. Nikajiona mtaalamu.

Kabla sijafika kituo cha teksi simu ikalia: akaunti yako imewekewa 3,360,000. Ujumbe huo una salio mbili. Moja ni la daftari, yaani benki imeandika kwamba umeleta hundi. Jingine ni la kutoa, yaani pesa ambayo mashine itakupa. La daftari lilikuwa limenona. La kutoa lilikuwa 11,400. Nimewafundisha watu tofauti hii miaka tisa. Ila nilipomfikia mzee mwenye fahali, nje ya Tororo, nilimwonyesha lile lililonona na kidole gumba nikakiweka juu ya lile jingine.

Mzee ni Mteso, mtaratibu, hana haraka na mtu, na huanza kila neno kwa "Yoga", salamu ya kwao. Akaitazama simu mbali, akaitazama karibu.

"Yoga, mwanangu. Hii pesa naiona. Naweza kuishika?"

"Jumatano, mzee."

"Basi ni mbichi."

"Imeshaingia, mzee. Inasubiri tu kuiva."

"Vizuri. Ng'ombe nitamleta kesho. Na mimi nitakaa naye mpaka iive."

Nilidhani ni utani. Jumanne jioni alishuka kwenye lori na fahali, na kirago, na redio.

Jumatano saa tano simu ikalia. Hundi imerudishwa, na makato juu. Sababu: maneno na tarakimu havilingani. Nilipanda hasira hadi utosini. Mwenye kinu gani huyo asiyejua kuandika hundi! Nikampigia, nikaanza somo. Akaniachia nikamaliza, kisha akasema polepole: "Lakini ndugu yangu, hundi uliijaza wewe. Mimi niliweka sahihi tu."

Kweli. Jumatatu ile aliniambia, wewe ulikuwa benki, jaza tu. Nikachukua kalamu, na huku naandika namhadithia jinsi hundi zinavyorudishwa kwa uzembe. Kwa tarakimu niliandika 3,360,000. Kwa maneno, milioni tatu na laki tatu. Zile elfu sitini nilizizungumza tu, sikuziandika.

Tofauti kama hiyo benki haiulizi uliwaza nini. Haichagui kiasi kikubwa wala kidogo, inarudisha karatasi. Na kufuta-futa hakusaidii. Dawa ni hundi mpya.

Alhamisi alfajiri nikapanda teksi kwenda Jinja. Mwenye kinu, mtu muungwana, akaniuliza kwa nini tusiende benki yake akanitumia moja kwa moja kwa RTGS. Hii hupita Benki Kuu malipo moja moja wakati wa saa za kazi, na ukiituma asubuhi, mchana umeipata. Ni njia ya malipo makubwa, lakini hakuna anayekukataza kutuma milioni tatu. Shida ni kwamba ina ada. Akasema tugawane ada nusu kwa nusu. Nikapiga hesabu ya nusu yangu, nikaona ni pesa ya nyama. Nikasema, ya nini, hundi ni bure.

Naomba msomaji anisamehe hapo, maana mke wangu bado.

Hundi mpya niliijaza kwa kuomba Mungu kila neno. Tawi la benki yangu liko hatua hamsini kutoka kinu, na hundi unaweza kuiweka tawi lolote. Nililipita nikiwa kwenye simu, namwambia mzee kila kitu kiko sawa. Nilikumbuka tulipovuka Iganga. Busia nilifika dirishani saa nane na dakika ishirini. Ukutani kuna karatasi: hundi itakayopokelewa baada ya saa nane mchana itahesabiwa siku ya kazi inayofuata. Karatasi ile niliibandika mimi, enzi zangu. Kona moja bado ina gundi yangu.

Binti wa dirishani ni mwanafunzi wangu wa zamani.

"Bwana Benki, unajua siku ya kazi inayofuata ni lini?"

Nilijua. Ijumaa Iddi, Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi, Jumatatu Mashujaa. Hundi itaanza safari Jumanne tarehe 10 na kuiva Jumatano tarehe 11. Hata ningeiweka Jinja saa nne asubuhi, ingeiva Jumanne. Na udhiya mwisho wake ni magharibi ya siku ya tatu baada ya Iddi, yaani Jumatatu.

Ijumaa baada ya swala wenzangu sita walikuja na kanzu nyeupe, mmoja na visu vitatu vilivyonolewa. Fahali yuko chini ya mwembe. Mzee yuko kati ya fahali na visu, amekalia kirago chake.

"Iddi njema, wanangu. Pesa bado mbichi."

Ikabidi nieleze, mahindi na yote. Nitaruka maneno niliyoambiwa. Itoshe kwamba mwenye visu aliniuliza, kwa adabu, kama udhiya ya mwaka huu lazima iwe ya ng'ombe.

Jumamosi ilipita. Fahali alikula majani yote ya viazi vitamu vya mke wangu, akahamia maganda ya matoke, akamalizia shuka moja kwenye kamba. Mzee alikula chai ya saa moja, ya saa nne na ya saa kumi.

Jumapili mke wangu akasema, bila kunitazama, kwamba chama chao cha akina mama kinakutana mchana. Chama chenyewe ni sanduku la bati lenye kufuli tatu na wanawake watatu, kila mmoja na ufunguo wake. Mmoja alikuwa amerudi kutoka hija ya Siku ya Mashahidi kule Namugongo na miguu imemvimba. Alikuja hivyohivyo. Mwanachama hukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Mke wangu ana 700,000. Kufuli tatu zikafunguliwa, noti zikahesabiwa mara mbili mbele ya wote, zikaandikwa: 2,100,000, riba asilimia kumi kwa mwezi. Dakika arobaini, na ishirini kati ya hizo zilikuwa za kunicheka. Hakuna picha iliyokwenda Kampala.

Ilibaki 1,050,000. Mzee akafikiri, akasema atachukua rehani. Kadi ya pikipiki yangu, na simu.

"Simu, mzee?"

"Ile yenye pesa ndani."

Jumatatu asubuhi tulichinja, saa nyingi kabla ya magharibi. Mzee akarudi kwake na mguu mmoja wa nyuma, redio, na simu yangu mfukoni.

Jumatano tarehe 11 nilifika benki kabla haijafunguliwa, sina simu, sijui kama hundi imepita. Mzee alikuwa ameshakaa kwenye ngazi. Mjukuu wake alikuwa amemsomea ujumbe mara tatu, mistari yote miwili, na mzee alikuwa ameweka kidole gumba juu ya lile salio la daftari.

"Yoga, mwanangu. Hili la chini limeiva. Ingia ukaitoe, nione kama ina moto."