Viwanja vya ndege vya mikoani: serikali iendelee kuvibeba au iviache?

Kila ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali ya Tanzania, ikitoka huu mjadala lazima urudi. Ile ya mwaka 2023/24 ilionyesha ATCL, shirika letu la ndege la taifa, imepata hasara ya shilingi bilioni 91.8, mwaka uliotangulia ilikuwa bilioni 56.6, na watu wakaanza kuulizana kwa nini ndege ziendelee kwenda Songea na Mpanda kama hazilipi, tena na viwanja vyenyewe serikali inavijenga kwa mabilioni mengine. Swali ni la haki, hela ni zetu. Ila hapo kuna vitu viwili vimechanganywa, uwanja na ndege, na kila kimoja kina hesabu yake.

Tuanze na uwanja. Chukua uwanja wa mkoa unaopata ndege moja kwa siku, Q400 ya ATCL yenye siti 76. Hata ikiondoka imejaa, kila abiria kwenye tiketi kalipia elfu kumi ya huduma za uwanja, jumla ni laki saba na elfu sitini. Sasa hapo toa umeme, mafuta ya jenereta, mashine ya eksirei na wakaguzi wake, gari la zimamoto na vijana wake, mtu wa hali ya hewa, waongoza ndege, walinzi, wafagizi. Hao wote lazima wawepo hata kama ndege ni hiyo moja, huwezi kusema leo ndege ni moja basi zimamoto wabaki nyumbani. Na hapo nimesema imejaa na inakuja kila siku, ikiwa nusu tupu au inakuja mara tatu kwa wiki hesabu inakuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo uwanja mdogo kujilipia wenyewe ni ngumu mno, na hata Marekani yenye hela zake tangu 1978 serikali inalipa ndege ziende kwenye miji midogo.

Wanaopinga nao wana mifano mizito. Chato imejengwa njia ya kurukia ya kilomita tatu, nyumbani kwa rais aliyekuwa madarakani, Magufuli, wakati Mwanza nayo ina uwanja wake kandokando ya ziwa hilohilo. Kenya kuna Isiolo, umefunguliwa 2017 kwa shilingi zao zipatazo bilioni 2.7, ikasemwa miraa na nyama zitapanda ndege pale kwenda nje, lakini njia ya kurukia ni kilomita 1.4, ndege kubwa ya mizigo inatuaje hapo? Ukishajenga sehemu isiyo na abiria wala mzigo, ruzuku inageuka ya milele, na hiyo hela ingeweza kumaliza barabara ambayo wananchi wengi zaidi wangepita.

Lakini mtu wa Sumbawanga akisikia hivyo anakuelewa vipi? Kwa basi mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,100, na mgonjwa aliyepewa rufaa ya Muhimbili anakaa kwenye siti hiyo njia nzima. Soko peke yake halijawahi kumfikiria. Fastjet ilipokuja 2012 na nauli za chini ilianza na Mwanza na Kilimanjaro, kule kwenye watu, na bado ilipofika mwisho wa 2018 ilikuwa imeshindwa. Kampuni binafsi nyingi zinakimbilia Zanzibar, Arusha na Serengeti kwenye watalii, na siwalaumu, wanafanya biashara.

Mimi niko upande wa kusaidia, ila kinachonikera ni namna tunavyosaidia. Ile hasara ya ATCL ndani yake kuna kila kitu, kuna ruti za mikoani ambazo ni huduma kwa wananchi, kuna Airbus zilizolala chini kwa matatizo ya injini, kuna ndege inazokodi kutoka wakala wa ndege za serikali, na yawezekana kuna uzembe pia. Vyote vimemwagwa kwenye namba moja. Matokeo yake mtu wa Mpanda anatukanwa kwa hasara ambayo pengine imetoka kwenye ruti ya nje ya nchi, na menejimenti nayo inaweza kujificha nyuma ya mtu wa Mpanda.

India walijaribu kuitenganisha ruzuku ya kila ruti. Mpango wao wa UDAN ulianza kurusha ndege 2017, kampuni zinashindania ruti, serikali inafidia pengo kwa miaka mitatu, na sehemu ya siti nauli ina kikomo, kama rupia 2,500 kwa safari ya saa moja. Haukuwa mteremko. Mkaguzi wao mwaka 2023 alikuta katika ruti 774 zilizogawiwa, 403 hazikuanza kabisa, na zilizovuka miaka mitatu na kuendelea kusimama ni 54 tu. Wengine wanaona hapo ni kufeli, mimi naona angalau wanajua ni ruti zipi zimekufa. Sisi hilo la Songea tunalijua? Bunge lipewe ruzuku ya kila ruti, kwa jina la mkoa na idadi ya abiria, kampuni ya ndege ya Precision Air na wengine nao waruhusiwe kuishindania, na ikifika mwaka wa tatu ipimwe upya hadharani. Chato nayo ipimwe hivyohivyo.

Kitu kimoja tu nisingekiweka kwenye mnada huo, usalama. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision iliangukia ziwani Bukoba ikiwa na watu 43, wakafa 19, na waliofika mwanzo kuokoa ni wavuvi wenye mitumbwi, kwenye uwanja ambao uko ukingoni kabisa mwa ziwa. Taa, vifaa vya kusaidia ndege kutua hali ya hewa ikiwa mbaya, boti ya uokoaji yenye mafuta na watu waliofunzwa, hivyo vilipiwe na hazina moja kwa moja hata uwanja uwe na abiria kumi kwa wiki, na kama serikali inaona hilo ni gharama kubwa kwa uwanja fulani basi uwanja huo usipokee ndege za abiria mpaka vipatikane.