Tukipima uelewa wa afya Kigoma, tupime na dirisha la dawa

Kupima uwezo wa wananchi kupata taarifa za afya, kuzielewa na kuzifanyia kazi ni jambo la lazima, na wanaolipinga moja kwa moja hawanishawishi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.4 mkoani Kigoma. Mganga mkuu wa wilaya anayetaka kujua ujumbe wa chanjo au lishe unakwama wapi hawezi kukisia tu, na kijiji kisicho na takwimu husahaulika bajeti inapopangwa.

Ugomvi wangu ni na vipimo vyenyewe. Kimoja cha Marekani, kilichotoka 2005, humpa mgonjwa lebo ya aiskrimu na kumuuliza maswali sita, la kwanza likiwa: ukila kopo zima utapata kalori ngapi? Mpe lebo hiyo mama wa Kalya, huko kusini mwa Uvinza. Akishindwa, hatutakuwa tumejua lolote kuhusu anavyomhudumia mtoto mwenye homa.

Kingine ni dodoso la maswali 47 lililotumika 2011 katika nchi nane za Ulaya. Mhojiwa anasema kama jambo fulani kwake ni rahisi sana, rahisi kiasi, gumu kiasi au gumu sana. Hapa naona mtego mkubwa zaidi. Muulize mzee aliyemwona daktari mara mbili maishani kama ni rahisi kumwelewa daktari. Atasema ni rahisi, kwa heshima tu, na pia kwa sababu hana pa kulinganishia. Mwalimu wa Ujiji anayeuguza mzazi mwenye kisukari, aliyekwisha kuzungushwa na majibu ya vipimo, atasema ni vigumu. Alama zikijumlishwa, mwalimu anaonekana ndiye asiyeelewa.

Kuna na lugha. Vijiji vya Kasulu na Buhigwe vinazungumza Kiha, kambi ya Nyarugusu imepokea wakimbizi wa Kongo tangu 1996 na wa Burundi kwa wingi tangu 2015, na mhoji anayetafsiri papo hapo mlangoni kwa mtu huishia kuuliza swali lake mwenyewe.

Ndiyo maana wapo wanaotaka kila jamii iwe na kipimo chake. Nawaelewa, ila siwafuati hadi mwisho. Kasulu ikiwa na chake na Ilala ya Dar es Salaam chake, pengo kati yao halitaonekana, na pengo ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Tena heshima kwa mila isitufunge macho. Zipo familia ambazo mtoto akipata degedege hupelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji, bila kufikiriwa kwamba huenda ni malaria kali. Hilo linaua, Kibondo kama kwingine kokote.

Mimi ningeanzia kwenye bahasha ya dawa. Dozi ya mseto, dawa ya malaria, kwa mtu mzima ni vidonge vinne, mara sita ndani ya siku tatu. Dozi ya pili humezwa yakipita masaa 8 tangu ya kwanza, ya tatu yakipita masaa 24 tangu hiyo ya kwanza, na zinazofuata kila baada ya masaa 12. Bahasha huandikwa "4x2", yaani vidonge vinne mara mbili kwa siku, basi. Aliyemeza saa nne asubuhi anatakiwa kumeza tena saa kumi na mbili jioni, kisha saa nne asubuhi ya kesho yake, na hilo halimo kwenye "4x2" hata kwa msomaji hodari. Mpe mtu bahasha hiyo, mwache atumie lugha aitakayo na amwite anayemuuliza kila siku, awe mtoto wa darasa la sita au mama mkwe, kisha akutajie saa. Dozi ni ileile Kasulu na Ilala, kwa hiyo ulinganisho haupotei.

Kwenye fomu hiyohiyo iandikwe kama aliyetoa dawa alizitaja saa hizo. Kama hakuzitaja, alama mbaya ni ya zahanati. Watumishi wataona wanakaguliwa, na malalamiko yao yana msingi: muuguzi aliye peke yake, anayezalisha, anayepima watoto na kugawa dawa, anazipata wapi dakika tano za kumweleza kila mtu? Kwa hiyo idadi ya watumishi waliokuwa zamu siku hiyo nayo ijazwe, na matokeo yasitangazwe bila hiyo.