Kabla ya kuagiza mkanda, ulizeni unaoshwaje

Kila nikiwatumia jamaa wa nyumbani video ya laini ya kukatia nyama kwenye kiwanda chetu huku, swali ni lile lile: nasi tutaipata lini mashine hiyo? Naelewa hamu yao. Kabla sijahamia huku nilikata nyama kwa mkono, na najua bega linavyouma jioni, na vipande visivyolingana vinavyoleta ubishi mbele ya mizani.

Huku magogo ya nyama iliyopikwa, yaani vipande virefu vya nyama iliyoshindiliwa, hupozwa kwanza hadi chini kidogo ya nyuzi sifuri, maana nyama laini hupondeka kisuni. Kisu kinazunguka, vipande mamia kwa dakika vinaangukia kwa mafungu kwenye mkanda unaovisafirisha. Kila fungu hupimwa likiwa mwendoni, na lililopungua husukumwa pembeni. Mengine huingia kwenye vibweta vya plastiki, hewa inanyonywa, gesi za kaboni dioksidi na naitrojeni zinaingizwa, kisha kifuniko kinabandikwa kwa joto. Kwa usawa wa uzito, mkono haufui dafu.

Ila mimi niko zamu ya usiku, zamu ya kuosha, na hapo ndipo msimamo wangu ulipobadilika. Juzi nilivua mkanda uliokuwa uking'aa. Nyuma ya kipangusio chake, kile kinachoukwangua, pale kinapogusa rola, palikuwa na utando wa mafuta na nyama, mwembamba kama ukucha. Bakteria wa listeria hawahitaji zaidi ya hapo. Wanazaana hata ndani ya friji, na nyama hiyo mlaji haipiki tena. Mwaka 2008 nchini Kanada, zaidi ya watu 20 walikufa kwa listeria, na shaka ikaangukia sehemu za ndani kabisa za mashine za kukatia. Kisu changu cha zamani kilioshwa chote kwa dakika moja. Mashine ikificha uchafu, inaugawa kwenye maelfu ya pakiti kabla ya mchana.

Kwa hiyo jamaa, anayewauzia mashine aivue mkanda mbele yenu, muone kama anahitaji spana, na muda gani.

Huku alfajiri msimamizi hupitisha kijiti cha pamba kwenye rola kupima kama kuna uchafu uliobaki. Kipimo kikiuonyesha, tunaosha upya, hata kama lori limeshafika mlangoni. Nyumbani sikuwahi kuona kazi ikisimama kwa ajili ya kijiti cha pamba, na hicho ndicho ningependa kitangulie kufika, mkanda ufuate.