Kikokotoo: hata asilimia 50 ikirudi, milioni 62 hazirudi

Kila mjadala wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, unapozuka, mstaafu wa Tanzania husemwa kama mtoto aliyeshikishwa hela ya sikukuu: mpe mkupuo mkubwa wa mara moja, atanunua bodaboda tatu, ataongeza mke, na mwaka hautaisha kabla hajaanza kukopa nauli. Wapo yaliowakuta hayo. Lakini hoja hiyo imetumika sana kufunika hesabu ambayo watumishi wengi hawajaonyeshwa.

Tumchukue mwalimu aliyekuwa mwanachama wa PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kabla mifuko ya aina hiyo haijaunganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF. Amechangia miezi 360, na wastani wa mshahara unaotumika kumkokotolea ni shilingi milioni moja kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani, miezi yake iligawanywa kwa 540 na kuzidishwa kwa mshahara wa mwaka. Nusu ya jibu (asilimia 50) ikazidishwa kwa 15.5 kuwa mkupuo, na nusu nyingine ikabaki pensheni ya mwaka mzima. Angeondoka na mkupuo wa milioni 62, na pensheni ya takriban 333,000 kila mwezi.

Kanuni iliyoanza Julai 2022 inagawanya kwa 580 na kuzidisha kwa 12.5. Kwa asilimia 33 ya wakati ule, mkupuo ulishuka hadi milioni 30.7. Mwaka 2024 waliokuwa zamani kwenye asilimia 50 wakapandishiwa kutoka 33 hadi 40, na watu wakapumua. Mwalimu wetu sasa anapata milioni 37.2, na pensheni ya kama 372,000.

Amepungukiwa karibu milioni 24.8 ili aongezewe 39,000 kwa mwezi. Gawanya uone: itachukua zaidi ya miaka 52 nyongeza hiyo kufidia kilichopungua. Amestaafu akiwa na miaka 60. Na hapo sijagusa kupanda kwa bei, kunakoila ile 39,000 mwaka hadi mwaka. Tena, akirudishiwa asilimia 50 kamili huku 580 na 12.5 vikibaki, mkupuo utakuwa milioni 46.6. Bungeni na kwenye Mei Mosi tumebishania asilimia, na 580 na 12.5 zikapita kimya.

Serikali nayo ina hoja, na si ya kubeza. Mfuko haukuwa na afya. PSPF ilikuwa ikiwalipa watumishi wa zamani mafao ya miaka ambayo hawakuchangiwa, na deni hilo liliachwa likue. Hatifungani maalumu (hati ya deni ya serikali) ya shilingi trilioni 2.17 ya mwaka 2021 ililipunguza tu. Wanachama wa mifuko mingine, NSSF na PPF, walikuwa kwenye asilimia 25, hivyo ni haki kuuliza kwa nini wengine wapate nusu. Na pensheni ya mwezi ina ulinzi ambao mkupuo hauna: hailiwi na tapeli kwa siku moja, na inaendelea hadi siku ya mwisho.

Ila anayesema hivyo amsikilize pia mtumishi mwenyewe. Mshahara wa mwalimu au nesi haujengi nyumba. Hununua kiwanja kwa mkopo, husimamisha boma, kisha huishia hapo kwa sababu makato yamembana na watoto wako vyuoni. Bati, milango na umeme vilipangiwa mkupuo, na mpango huo haukuwa wa ovyo: ulijengwa juu ya kanuni iliyokuwepo kwa miaka mingi ya kazi yake. Anapohama nyumba ya serikali bila pa kuhamia, ile 39,000 inaishia kwenye kodi ya chumba. Kijana wa miaka 28 anaweza kupanga upya. Wa miaka 57 alikuwa na muda gani?

Ndiyo maana naona vyama vya wafanyakazi vingeacha kuvutania asilimia na kudai jambo moja: miezi iliyochangiwa kabla ya Julai 2022 ikokotolewe kwa 540 na 15.5, iliyofuata kwa kanuni mpya. Kumbukumbu za michango mfuko unazo. Litagharimu fedha, tena nyingi katika miaka ya mwanzo, lakini kila kundi linalostaafu litakuwa na miezi michache zaidi ya zamani kuliko lililotangulia, hadi mzigo wenyewe uishe.