Kipande cha Tatu

"Ardhi ni yangu, hati ninayo, kwa nini niombe ruhusa ya kuikata?" Swali hili amewahi kuliuliza karibu kila mtu aliyesimama mbele ya afisa mipango miji na ramani yake imeviringishwa kwapani. Anataka kugawa kiwanja chake vipande vitatu tu: kimoja abaki nacho, kimoja ampe mtoto, kimoja auze. Anaambiwa alete mpima, aoneshe maji ya mvua yataelekea wapi, majirani wajulishwe, kisha asubiri kikao cha halmashauri. Hasira yake naielewa, na sehemu ya hasira hiyo nitaitetea. Ila kuna mtu mwingine asiyesikika kwenye malalamiko haya, kwa kuwa siku maombi yanapopokelewa bado hajulikani. Ni yule atakayenunua kipande cha nyuma.

Tuchukue kiwanja chenye upana wa mita 20 barabarani na urefu wa mita 50 kwenda ndani, jumla mita za mraba 1,000. Mwenyewe anapiga mistari miwili, anapata vipande vitatu, na karatasini kazi imekwisha. Lakini kinachogusa barabara ni cha mbele peke yake. Viwili vilivyobaki vimezungukwa na watu. Inabidi ubavuni ipite njia ya mita 33 hivi hadi kufika cha tatu. Ikiwa na upana wa mita 4, imekula mita za mraba 133. Ikiwa na mita 6, imekula 200, sehemu ya tano ya kiwanja kizima, na vipande viwili vya mbele vimebaki na upana wa mita 14.

Hesabu hiyo ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi. Kwa muuzaji, kila mita ya njia ni ardhi isiyolipiwa, kwa hiyo ataleta mchoro wenye njia ya mita 3 na kusema gari linapita. Kweli, gari dogo linapita. Sasa lete gari la zimamoto. Kanuni ya kimataifa ya zimamoto, inayotumika sehemu kubwa ya Marekani, inataka njia ya gari hilo isipungue futi 20, kama mita 6.1, na kwa kawaida kila upande wa nyumba uwe ndani ya futi 150, kama mita 46, kutoka gari linapoweza kufika. Kwenye kiwanja chetu, nyumba ya nyuma inaanza baada ya mita 34 hivi kutoka barabarani, na ukuta wake wa mwisho unaweza kuwa mita ya 47. Gari likikwama barabarani, chumba cha nyuma kabisa ndicho kinachokosa. Na moto ni jambo la nadra. Tangi la maji machafu hujaa kila baada ya muda, na gari la kulinyonya nalo lina mabega mapana.

Kabla ya kibali, kusogeza mstari huo mita moja ni kazi ya kalamu ya mpima. Baada ya viwanja kuuzwa, wa mbele ameshasimamisha ukuta, wa kati ameweka hati yake benki, na mita moja hiyo inahitaji sahihi za watu watatu ambao huenda hawasalimiani.

Mfano ninaourudia kila mara uko kusini mwa Texas, kando ya mpaka wa Meksiko. Kwa miongo kadhaa ardhi ilikatwa huko na kuuziwa watu wa kipato cha chini kwa malipo ya kidogo kidogo, hati ikibaki kwa muuzaji hadi deni liishe. Mara nyingi hapakuwa na bomba la maji wala la maji taka. Makazi hayo, yaitwayo colonias, yalifikia zaidi ya 2,000. Mwaka 1989 jimbo lilianzisha mpango wa kugharamia maji na maji taka, na mwaka 1995 likaweka masharti makali dhidi ya kuuza viwanja vya makazi visivyo na huduma hizo katika kaunti za mpakani. Faida walikula wauzaji, mabomba wakalipia walipa kodi. Utasema wale walikata mamia ya viwanja, si vitatu. Sawa, lakini mtaa wa nyumba kumi, kila mmoja akigawa mara tatu, una nyumba thelathini kwenye mfereji uleule, na hakuna hata mmoja aliyekata zaidi ya vitatu.

Upande wa pili nao una haki zake. Mpima, michoro na ada huumiza zaidi anayegawa mara tatu kuliko kampuni inayogawa mara mia tatu, kwa sababu gharama nyingi hazipungui vipande vikipungua. Jimbo la Washington linalitambua hilo: kugawa hadi vipande vinne, au hadi tisa miji ikiamua, kuna njia fupi ambayo afisa huamua bila kikao cha hadhara. Kiwango cha chini cha ukubwa wa kiwanja nacho hakina utetezi mzuri. Houston ilikishusha mwaka 1998, katika eneo la katikati ya jiji, kutoka futi za mraba 5,000 hadi 1,400, yaani kutoka mita za mraba 465 hadi 130. Nyumba nyingi za safu zikajengwa na jiji halikuanguka. California nayo, kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 2022, iliondoa kikao na hiari ya maafisa kwa anayegawa kiwanja cha nyumba moja vipande viwili, ilimradi atimize masharti yaliyoandikwa. Na majirani, tuseme ukweli, wakiitwa kikaoni huzungumzia "hadhi ya mtaa" kuliko maji ya mvua.

Kwa hiyo kikao kwa vipande vitatu kifutwe, ukubwa wa chini ushushwe, afisa apewe siku za kujibu na azifuate. Maswali ya njia, maji na maji taka yabaki, hata yakimkera mwombaji.

Ningeongeza moja ambalo fomu nyingi hulipitia juu juu: ile njia ya ubavuni ni ya nani? Ikiwa ni ya wa nyuma, wa kati ana haki gani ya kuipita? Ikiwa ni ya wote, nani ataifukia mashimo, na nani atamwambia wa mbele aondoe gari lake alilolisahau pale tangu Ijumaa?